Kitambaa cha Kupimia Udongo

Tangu ajue kushika sindano, Mama Futi hakuwahi kuamini kitu ambacho hajakipima. Futi yake ya kushonea, ile ya manjano iliyofutika namba za mwanzo, ilikaa shingoni mwake kutwa nzima, na wapo majirani walioapa kwamba analala nayo. Ukimsalimia alikuitikia vizuri tu, lakini macho yake yalikuwa yameshakuzunguka kiuno. Alikuwa amewashonea watu wa mtaa ule sare za shule, nguo za harusi na mapazia, na katika kazi hiyo akajipatia sifa moja aliyoithamini kuliko zote: alijua kitambaa kwa vidole. Ulimpa kipande akiwa amefumba macho, akakisugua kidogo, akasema hii pamba, hii si pamba, hii imechanganywa. Hakuna aliyembishia, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na namna ya kumbishia.

Basi mwanamke wa namna hii alipokata shauri kulima mboga nyuma ya nyumba, usidhani alianza na jembe. Alianza na karatasi ya kaki, ile ile anayochorea gauni kabla ya kukata.

Ua wenyewe haukuwa mkubwa. Kwa miaka mingi ulikuwa karakana ya marehemu mumewe, fundi baiskeli, mtu mrefu mwenye mikono mirefu na maneno mengi. Cherehani ilikaa dirishani, baiskeli zilikaa upande wa pili wa ukuta, na mke na mume walifanya kazi siku nzima wakitaniana kupitia dirisha lile. Alipofariki, vyuma vilibaki vikiota kutu mpaka mnunuzi wa chuma chakavu akaja kuvizoa. Siku mkokoteni wa mwisho ulipotoka, Mama Futi aliinua macho kutoka kwenye cherehani na kuona jua limeangukia ardhi tupu, ngumu kama sakafu, bila hata jani moja. Akaona hawezi kushona akiutazama utupu ule maisha yake yote. Alitaka kitu hai upande wa pili wa dirisha.

Kila alipokuwa na nafasi alitoka na chaki yake, akachora ardhini pale kivuli cha nyumba kilipofika: asubuhi wakati wa chai, mchana, na jioni watoto wa shule wakirudi. Akajua jua linapiga wapi na linaondoka lini. Kisha akakaa mezani, akachora. Tuta kubwa la katikati aliliita mgongo, hapo zingekaa nyanya na pilipili hoho. Matuta mawili membamba ya pembeni yalikuwa mikono, la mchicha na la karoti. Karibu na mlango wa jiko akaweka kola, kijituta cha giligilani, ili achume bila kuvaa ndala. Kati ya tuta na tuta aliacha nafasi ya mshono, upana wa mguu wake, kwa sababu alisikia kwamba udongo uliochimbuliwa haupendi kukanyagwa. Upana wa tuta ulikuwa urefu wa mkono wake kutoka kila upande, asije akalazimika kuingia ndani. Vitunguu vingechanganywa na nyanya, wadudu wapotezwe na harufu. Dawa za dukani hazikuwa na nafasi kwenye karatasi ile. Kulikuwa na pipa la mboji, la maganda ya jikoni na majani makavu, na msimu wa pili kila kilichokaa mgongoni kingehamia mkononi, udongo usichoshwe na mmea mmoja.

Ilikuwa ramani nzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na mwili mkubwa na ndoo ya saruji.

Mwanawe wa pekee alikuwa mwashi. Alimpenda mama yake kwa namna waashi wanavyopenda, yaani kila alipoona shida aliona mahali pa kumwaga zege. Mvua zilizopita mama aliteleza kwenye tope la uani akaumia kiwiko, akakaa wiki nzima hawezi kusukuma kitambaa. Tangu hapo kijana hakuwa na wimbo mwingine.

"Mama, ua huu nitakumwagia zege, wote. Utatembea na ndala zako, mvua inyeshe isinyeshe."

"Na mboga zangu nipande wapi, baba? Kichwani kwako?"

"Mboga gani, mama? Hapa hata nyasi zimekataa. Baba kaoshea minyororo kwa mafuta ya taa hapa tangu sijazaliwa. Udongo huu umekufa."

Neno lile lilimchoma Mama Futi kuliko alivyoonyesha. Lilimkaa kifuani kana kwamba mumewe ameshtakiwa kwa kuua kitu, na yeye hayupo kujitetea. Akaenda kumwita bibi shamba, binti aliyekuwa akizunguka mitaani na buti za mpira akiwashauri watu mambo ya kilimo.

Binti akaja, akachuchumaa, akajaribu kumega bonge la udongo likamgomea. Akasema kwa macho huwezi kujua.

"Ila wewe, mama, kipimo unacho ndani," akasema. "Chukua kitambaa cha pamba tupu, kifukie chini kiasi cha kiganja, uweke unyevu na majani makavu juu. Kwenye udongo mna viumbe wengi kuliko watu wa dunia, wadogo hata huwaoni. Pamba ni chakula chao. Kama wapo, baada ya miezi miwili hivi watakuwa wamekila. Kama hawapo, kitatoka kama kilivyoingia."

Mama Futi akacheka. Maisha yake yote alikuwa akipigana na nondo na mende wasile vitambaa, na leo anaambiwa akawaandalie karamu. Lakini usiku hakucheka tena, aliwaza. Chini ya nyayo zake, pale alipokuwa akipita na ndoo kila siku, huenda kulikuwa na umati wenye njaa, na yeye hakuwahi kuujua. Wazo lile lilimtia baridi nzuri mgongoni.

Wakakubaliana, mama na mwana. Kitambaa kikiliwa, ua ni wa mboga. Kikitoka kizima, ua ni wa zege, na hakuna kununa. Wakapeana mikono kwa utani, ila wote wawili walijua si utani.

Kulikuwa na jora la kitambaa cheupe alichokuwa akikishonea mashuka ya mwalimu mmoja wa jirani. Mama Futi akafumba macho, akasugua ncha yake mbele ya mwanawe.

"Pamba tupu," akasema, na neno la Mama Futi kuhusu kitambaa lilikuwa la mwisho.

Akakata kipande, akakifukia katikati ya ua, pale mgongo wa ramani ulipokuwa. Akakimwagia maji, akakifunika majani, akawa anakitembelea kama mtu mwenye mgonjwa wodini. Siku ya kufukua ilipofika, bibi shamba alikuwepo na mwana alikuwepo. Koleo likaingia, udongo ukapinduliwa, na kitambaa kikatoka. Kilikung'utwa. Kilikuwa na madoa ya tope, lakini hakikuwa na tundu hata moja. Ungeweza kukifua ukakitandika siku hiyo hiyo.

Mwana hakucheka. Laiti angecheka, mama angepata mahali pa kuelekeza hasira zake. Alimshika tu bega, akasema, "Basi, mama," na bibi shamba akasema pole, wengine hupanda kwenye magunia na makopo, si mwisho wa dunia. Mama Futi akaikunja karatasi yake ya kaki, akaitia kabatini chini ya mapazia. Kabla ya juma kuisha kulikuwa na lundo la mchanga na lundo la kokoto mlangoni.

Sasa tazama jinsi binadamu tulivyo. Watu watatu walisimama juu ya shimo lile, wazima, wenye akili zao, na wote watatu wakauhukumu udongo. Hapakuwa na hata mmoja aliyekitupia kitambaa jicho la shaka. Wawili walikuwa na udhuru, maana wao si mafundi wa nguo. Wa tatu alikuwa tayari kuamini kwamba ardhi yote imekufa kabla ya kuamini kwamba vidole vyake vimekosea.

Siku moja kabla ya zege kumwagwa, Mama Futi alikuwa akipiga pasi foronya za mwalimu, zilizotoka kwenye jora lile lile. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, na siku hiyo aliichochea sana kwa sababu hakuwa na raha na alitaka amalize. Akaiweka juu ya foronya, mawazo yakamchukua kidogo. Kilichomrudisha ni harufu.

Pamba ikiungua hunuka karatasi. Fundi yeyote anaijua harufu ile, na wengi wamewahi kuomba radhi kwa mteja wakiwa bado nayo puani. Hii haikuwa harufu ya karatasi. Ilikuwa harufu ya ndoo ya plastiki iliyosogezwa karibu na jiko. Alipoinua pasi, foronya ilikuja nayo, ikivutika nyuzi nyeusi zinazonata kama gundi.

Akakaa kitini. Akazitazama nyuzi zile zikipoa na kuwa ngumu, akazibonyeza kwa ukucha. Halafu akavitazama vidole vyake, vyote kumi, kwa muda mrefu, kama mtu anayewatazama ndugu waliomdanganya. Kitambaa kilikuwa na plastiki ndani yake, laini, iliyofumwa kwa ustadi wa kumpoteza hata yeye. Hakuna kiumbe wa chini ambaye angeweza kukila. Udongo ulikuwa umewekewa sahani ya plastiki, ukashindwa kula, ukaitwa maiti.

Angeweza kunyamaza. Foronya ingeshonwa nyingine, ua ungekuwa zege kufikia kesho yake jioni, na sifa yake ingebaki nzima mpaka kaburini. Hakuna aliyemwona. Aliliwaza hilo, tusimpake rangi ya utakatifu, aliliwaza mpaka mkaa ukaanza kufa ndani ya pasi. Kisha akapiga moyo konde, akatoka mpaka mlangoni, mwanawe alipokuwa akichekecha mchanga.

"Baba, weka chekeche chini. Kile kitambaa hakikuwa pamba."

"Nani kasema?"

"Pasi imesema."

Kijana akasimama na chekeche mkononi. "Si ulikishika mwenyewe, mama? Kwa vidole vyako?"

"Vidole vyangu vimezeeka, au wenye viwanda wamekuwa wajanja. Kwa vyovyote nimekosea. Nimeusingizia udongo wa baba yako."

Kumsikia mama yake akisema amekosea kuhusu kitambaa kulimtikisa kijana kuliko kama angesikia nyumba imebomoka. Alikwaruza mchanga kwa ncha ya kiatu. Alikuwa na mzaha tayari mdomoni, akaumeza.

"Nina kazi ya ghorofa ng'ambo ya mji," akasema hatimaye. "Itanila miezi miwili au zaidi. Nitakaporudi tutafukua tena. Lakini kikitoka kizima safari hii, mama, nisisikie tena habari za nyanya."

"Hutasikia."

Mwalimu naye akaambiwa ukweli wa mashuka yake, uso kwa uso, jambo lililomtoa Mama Futi jasho kuliko kushona vazi la harusi kwa haraka. Kisha akarudi nyumbani kutafuta pamba. Sasa hakuamini chochote. Alichomoa uzi mmoja kutoka kila jora, akauwasha kwa kiberiti, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: uzi ulijikunja ukawa tone gumu jeusi. Alipofika mwisho wa rafu alifungua kabati la chumbani.

Humo kulikuwa na shati la kazi la mumewe, la kaki. Alimshonea walipokuwa wageni kwenye ndoa, na lilifuliwa mara nyingi hata likawa laini kama shavu. Mengine aliyagawa. Hili lilimshinda. Alilishona kwa uzi wa nailoni, tena mara mbili kila mshono, kwa sababu yule bwana akinyoosha mikono yake mirefu kufikia gurudumu la juu alikuwa anapasua makwapa kila juma. Uzi wa kaki uliisha, akatumia mweupe, na mume akamtania miaka yote kwamba mishono yake inaonekana kutoka barabarani.

Alichomoa uzi wa kitambaa kwenye pindo, akauwasha. Ukaungua haraka ukanuka karatasi, na jivu lake likapeperuka alipopumua. Ilikuwa pamba, pamba ya kweli.

Akachukua mkasi akate kipande, na mkono ukakataa. Mkasi ule ulikuwa umekata vitambaa vya kuufunika mtaa mzima, lakini juu ya shati lile haukufumba. Alijaribu pindoni, akajaribu mkononi. Mwishowe akaufunga mkasi wenyewe kwenye kanga, akautupa kitandani, akatoka na shati zima.

Alilitandaza chini ya shimo pana, pale katikati, kama anavyotandaza kitambaa mezani kabla ya kukata: mgongo chini, mikono pembeni, vifungo vyote vimefungwa, kola imelazwa. Akalifunika kwa udongo na mboji, akalia kidogo, akamwagilia.

Akangoja. Alishona dirishani akiutazama ua, na akajikuta anazungumza na dirisha kama zamani, habari za wateja, bei ya vifungo, kiwiko chake. Aliogopa. Safari ya kwanza alikuwa ameweka kipande cha jora. Safari hii shati likitoka zima, udongo utakuwa umekufa kweli, na atakuwa amelifukua shati la marehemu kama mtu aliyekosa adabu. Asubuhi moja baada ya manyunyu aliona uyoga mdogo umechomoza pale, mweupe, kichwa chake kama kifungo. Hakuthubutu kuugusa. Alihesabu hilo kama dalili, kisha akajikataza kuhesabu.

Mwana aliporudi kutoka ghorofani alikuwa na vumbi kichwani na mwiko wake mfukoni. Hakuambiwa kilichofukiwa ni nini, aliambiwa tu asitumie koleo. Wakapiga magoti pamoja, yeye upande huu na mama upande ule, wakaanza kukwangua udongo kidogo kidogo, yeye kwa mwiko, mama kwa mikono.

Cha kwanza kumshangaza mwashi ni kwamba mwiko ulizama. Ardhi aliyoijua tangu utoto, ile iliyomchubua magoti, ilimeguka kama mkate. Ilinuka mvua. Nyungunyungu mwekundu akajivuta akapotea, na mwingine, na mwingine.

"Kitambaa kiko wapi, mama?"

"Kwangua taratibu."

Kikatokea kifungo. Kikatokea cha pili chini yake, na cha tatu, vimejipanga mstari mnyoofu, na kila kimoja kimezungukwa na kijiduara cha uzi mweupe, tundu la kifungo lisilo na nguo. Mama akapuliza. Kutoka kwenye vifungo ukaonekana mstari mweupe unaopanda, ukapinda, ukawa kola. Akapuliza tena. Mistari miwili ikatoka kwenye kola ikaelekea huku na huku, ikawa mabega. Kwapa la kushoto likaja, mishono miwili sambamba, aliyoishona akinung'unika. Kwapa la kulia. Kisha mikono, mirefu, mirefu, mpaka mwana akalazimika kusogeza goti lake asiikanyage.

Kitambaa hakikuwepo. Hakikubaki hata kipande cha kukalia nzi. Kilikuwa kimeliwa chote, na kilichobaki ni kazi ya mikono ya Mama Futi, kila mshono aliowahi kumshonea mtu yule, umechorwa juu ya udongo mweusi kama chaki juu ya kaki. Alikuwa ameshona miaka yote hiyo na hakuwahi kuona mishono peke yake, bila nguo. Hakujua kwamba ndani ya kila shati kuna shati lingine la uzi mtupu. Aliogopa kupumua, na furaha iliyomjaa ilikuwa nzito mpaka akashika ardhi kwa viganja vyote viwili.

Mwanawe alikuwa ametambua. Aliweka mkono wake juu ya ule wa nyuzi, bila kuugusa, bega kwa bega na kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyake vilifika sawasawa pale pindo lilipoishia.

"Ni la baba," akasema.

"Ni la baba yako."

"Wamelila lote?"

"Lote. Wameniachia uzi."

Walikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Mama Futi hakuzinyanyua nyuzi. Aliokota vifungo tu, akavifunga kwenye pindo la kanga, na kwa mikono miwili akaanza kuurudisha udongo, pole pole, kuanzia kwenye kola. Mwana akamsaidia. Walipomaliza kijana aliinuka, akajipangusa magoti, akatazama lundo lake la kokoto na lundo lake la mchanga mlangoni. Kisha akainyoosha mikono yake mirefu, akamvua mama yake futi shingoni, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya, na mama akamwachia.

"Kokoto nitazimwaga njiani tu, usiteleze," akasema. "Nafasi ya mshono ulisema kiasi gani?"

Mama akamwambia. Kijana akapima, akachomeka kijiti, akapima tena.

"Na nyanya zinaanzia wapi?"

Mama Futi hakuhitaji kwenda kabatini kutafuta karatasi. Akanyoosha kidole ardhini, pale ambapo hapakuwa na alama yoyote.

"Anzia hapo," akasema. "Kwenye bega la kushoto."